Boksi Jepesi

"Shika hii," fundi akasema, akaniwekea pawa saplai, lile boksi la kugawia kompyuta umeme, kwenye kiganja cha kulia.

Nikashika.

"Haya, shika na hii." Akaniwekea nyingine kushoto.

Zote nyeusi, zote na feni moja, zote zimebandikwa karatasi inayosema wati 500. Ya kulia ilinivuta mkono chini kama jiwe la mizani. Ya kushoto ilikaa kiganjani kama mkate. Fundi hakuongeza neno, akarudi kwenye simu ya mteja aliyokuwa anaipasha moto ili kioo kibanduke. Nje, Makoroboi yetu ya hapa Mwanza iliendelea na yake: mikokoteni, spika za wauza nguo, mtu anagombana na bodaboda kuhusu chenji ya mia tano.

Nilitakiwa kucheka, namba ile ile na uzito mdogo vile. Sikucheka.

Ile ya kushoto nilikuwa nayo nyumbani. Pacha wake kabisa, kibandiko kile kile, chini ya kitanda changu Kirumba, kwenye boksi lake, wiki ya tatu. Nilimlipa mtu elfu arobaini na tano, na asante juu.

Nikamrudishia fundi zote mbili, nikaaga. Sikumwambia.

## Neno "yoyote"

Orodha yangu ya kwanza niliiandika Oktoba, siku zile Windows 10 ilipofika mwisho wa kuhudumiwa, tarehe 14 Oktoba 2025, na desktop yangu ya mtumba ikawa inanionyesha tangazo kama la msiba. Mnazijua hizo desktop. Kasha jembamba la ofisi, limetumika Ulaya miaka saba, likaja kwa meli na rundo la wenzake. Imenilea vizuri, sina neno baya nayo. Ila kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, inayoingia humo ni ile fupi tu, isiyo na waya wake wa umeme, inayoishi kwa wati 75 za kwenye mazabodi, ule ubao mkuu, na basi. Na pawa saplai yake ina umbo la peke yake, ya dukani haikai. Mimi nilitaka kucheza gemu langu la malori bila milima ya Ulaya kuchelewa kuota mbele ya kioo.

Mstari wa kwanza wa orodha, kadi ya grafiki, niliupigia mistari miwili chini yake. Wa pili prosesa, ubongo wenyewe. Kisha mazabodi, RAM ya kumbukumbu, SSD ya kutunzia mafaili, kesi. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa mtu aliyeshikwa na usingizi, ulisomeka hivi: *pawa saplai, yoyote, wati 500.*

Yoyote.

Hilo neno ndilo limenisumbua mwezi mzima, ndilo limenifanya niandike haya.

Kulipata sikulipata hewani. Video zote nilizotazama zilinifundisha hivyo. Kijana wa Texas au London anaanza na kadi, anaipa karibu nusu ya bajeti, halafu dakika ya kumi na nne anaitaja pawa saplai kama mpishi anavyotaja chumvi. Ana haki yake. Kwake yeye umeme wa ukutani ni jambo la uhakika.

Kwetu, ikifika saa moja jioni, taa ya sebuleni inainama. Haizimiki. Inainama, inakaa hivyo kidogo, halafu inajiinua. Nimekua naiona hivyo, nikadhani ndivyo taa zilivyo duniani kote.

## Namba ndogo

Siku ile nilipotoka Makoroboi nilivuta boksi kutoka uvunguni, nikawasha tochi ya simu, nikakisoma kibandiko kwa mara ya kwanza. Namba kubwa, 500, ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Namba ndogo zilikuwa kwenye jedwali pembeni, maandishi ya ukubwa wa yale ya nyuma ya pakiti ya dawa.

Ukiwa na pawa saplai mkononi, achana na ile namba kubwa. Tafuta safu ya volti 12. Prosesa na kadi ya grafiki, wale walaji wakubwa wawili, wote wanakula hapo. Yangu iliandikwa ampea 18.

Kumi na mbili mara kumi na nane. Mia mbili na kumi na sita.

Nikarudia kwenye kikokotoo, kana kwamba kikokotoo kitanionea huruma. Wati 216. Zilizobaki kufikisha 500 walizitafuta kwenye laini ndogo ndogo za volti 5 na 3.3, ambazo mashine ya leo inazigusa kidogo tu, na hata ukizijumlisha zote hesabu yao haifiki walikosema.

Kadi niliyokuwa naifikiria, RX 6600, inakula wati 132. Prosesa, Ryzen 5 5600, karatasi inasema 65 lakini ikibanwa inaruhusiwa kufika 76. Jumla 208. Nikabaki na wati nane za kugawia mazabodi, SSD, RAM na feni tatu. Na hapo nimeamini kibandiko hakidanganyi, na nimesahau kwamba kadi ya grafiki hairuki kwa adabu: gemu likilipuka ghafla, kwa kufumba na kufumbua inavuta zaidi ya ile namba yake.

Sasa kuna elfu arobaini na tano zangu uvunguni.

Nitasema ukweli kwa sababu blogu ni yangu. Wazo la kwanza halikuwa kuitupa. Wazo la kwanza lilikuwa kuiuza. Nilipiga picha, nikaiweka kwenye kundi la mauzo, "wati 500, haijatumika", na kila neno hapo lilikuwa kweli kwa maana ya kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Jioni kijana mmoja akauliza, "Bado ipo?" Akaongeza kwamba anataka ya mashine ya steshenari, ya kuchapia barua na kutoa kopi.

Nikaandika "ipo".

Nikafuta.

Nikaandika tena kesho yake. Siku mbili nilikaa hivyo, naandika na kufuta. Mwishowe nilitoa tangazo bila kumjibu, na mpaka leo sijui kama kutojibu ni wema au ni woga uliovaa nguo za wema. Labda amenunua pacha wake kwingine.

## Kadi iliyotoka mgodini

Sisi wa huku habari za migodi hatusimuliwi, Geita ipo hapo ng'ambo ya maji. Ila mgodi uliotuletea kadi za bei rahisi ulikuwa wa aina nyingine. Miaka ya homa ya sarafu za mtandao watu walipanga kadi za grafiki kwenye mashelfu kama kuku wa mayai, zinachimba usiku na mchana. Halafu Septemba 2022 Ethereum, moja ya sarafu hizo, ikabadili mfumo wake, uchimbaji wa kadi ukakosa kazi, na zile kadi zikamwagwa sokoni. Bado zinazunguka. Nyingine zimefika mpaka kwetu zimefutwa vumbi, na muuzaji anakwambia, "Ilikuwa ya kijana mmoja, anacheza mpira tu."

Kuchimba peke yake siyo dhambi ya kuua. Chipu yenyewe huvumilia. Kinachochoka ni feni na ile peisti ya kupitisha joto inayokauka kama ugali wa jana. Vitu hivyo fundi anavirekebisha. Kinachoniudhi ni udanganyifu wa jina.

Kuna mtu alikuwa na RX 580 ya GB 8 kwa bei ya kutupa. Nikamfuata na desktop ya binamu yangu kwenye bajaji, maana kununua kadi bila kuiona inawaka ni kununua sato kwenye mfuko mweusi. Ikawaka. Picha safi. Nikafungua kile kiprogramu kidogo cha kusoma utambulisho wa kadi, na kwenye mstari wa viini vya kuchorea ikaandika 2048. RX 580 halisi ina 2304. Yenye 2048 ni toleo lililotoka kwa ajili ya soko la China, kwa ndani ni RX 570 iliyopewa jina la dada yake mkubwa.

Nikamwonyesha.

"Dada, hiyo si namba tu?"

Namba tu. Nikamrudishia, nikalipa bajaji kwenda na kurudi.

Baada ya hapo zilibaki mbili mezani, zote zimetumika: RX 6600 kwa laki nne na nusu, na RTX 3060 ya GB 12 kwa laki sita na ishirini. Kila niliyemuuliza alisema 3060. Kumbukumbu GB 12 dhidi ya 8, ina mbinu zaidi za kukuza picha, utaishi nayo muda mrefu. Yote kweli, na kwa wiki nzima nilikuwa nimeshaamua kukopa hiyo laki na sabini kwenye kikoba.

Kilichonigeuza ni UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika. Fundi alinionyesha aliyonayo, ya VA 650. Tena namba kubwa mbele. Nyuma, kwa herufi ndogo, wati 360. Hapo nikaanza kuhesabu kinyume. UPS inabeba kiasi gani, pawa saplai inapoteza kiasi gani njiani, skrini inachukua ngapi, kinachobaki ndicho cha kadi. RTX 3060 inakula wati 170. RX 6600, 132. Ile tofauti ya wati 38 kijana wa Texas hawezi kuiona hata akivaa miwani. Kwangu ilikuwa tofauti kati ya UPS inayopumua na UPS inayopiga kelele kama mtoto aliyeshikwa na chango.

Kwa hiyo kadi yangu ilichaguliwa na UPS. Na UPS ilichaguliwa na taa ya sebuleni inayoinama.

Nilichukua ile orodha ya Oktoba nikaigeuza chini juu. Pawa saplai ikaenda mstari wa kwanza: wati 550, daraja la Bronze la kutopoteza umeme ovyo, laini ya volti 12 ampea 45. Laki na themanini. Iliniuma, sikatai. Fundi alipoisikia bei ninayolipa alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa mahari.

## Reli inapoishia

Kuhusu prosesa sitawachosha. Niliwaza kidogo Core i5-12400F, maana bei zilikaribiana, nikarudi kwa Ryzen kwa sababu mazabodi yake iliyotumika, ya soketi ya AM4, yaani kikao cha prosesa cha aina hiyo, ilipatikana hapa hapa mjini na nilishaiona ikiwaka. Niliwaza pia 5600G, yenye picha yake ya ndani, ili kadi ikifa nisibaki gizani. Nikaiacha kwa sababu ya kashe, ile kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa: 5600 ina MB 32, 5600G ina 16, na magemu yanaipenda kashe kama mende anavyopenda kabati la vyombo.

Walichonisumbua nacho watu ni kwamba AM4 imekwisha. Soketi mpya ni AM5, RAM mpya ni DDR5, unanunua kitu kisicho na kesho.

Mimi ni wa Mwanza. Reli ilifika hapa 1928 na mbele yake ni ziwa. Nimelelewa kwenye stesheni ya mwisho na hakuna aliyeniambia niihame. Na tena hata mwisho wa reli haukuwa mwisho: mabehewa yalikuwa yanasukumwa ndani ya MV Umoja, yanavuka maji yakiwa na mzigo wake. AM4 nayo ina meli yake. Siku nikipata hela, prosesa kubwa zaidi, 5700X3D, inakaa kwenye soketi hii hii bila kubadili kitu kingine.

Haya, tuendelee.

## Kilomita 1,100

RAM ndiyo iliyonifundisha jeuri ya dunia. Septemba niliulizia RAM ya aina ya DDR4, GB 16, mbili za nane nane: laki na kumi. Nikasema nitarudi. Januari niliporudi ilikuwa laki mbili na nusu, na muuzaji ananiangalia kama mimi ndiye niliyechelewa, ambavyo ni kweli. Viwanda vya chipu za kumbukumbu vimegeukia maghala ya kompyuta za akili bandia, huko ndiko kwenye hela. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana kabisa na Crucial, ile chapa yao ya sisi wa rejareja. Mtu anauliza swali kwa roboti huko California, RAM inapanda Mtaa wa Rwagasore.

Nilikuwa na njia tatu. Kuagiza China, Dar, au hapa.

China ilikuwa rahisi kwenye skrini. Ukiongeza usafiri na VAT ya asilimia 18 urahisi ulipungua, lakini bado ulikuwepo. Dar, Kariakoo, bei ilikuwa chini ya Mwanza kwa elfu thelathini hivi, na mzigo unapanda basi jioni, kesho unaupokea stendi ya Nyegezi. Nilishawahi kufanya hivyo. Mwaka juzi nilitumiwa SSD, ikafika, ikafanya kazi siku nne, ikafa. Muuzaji hakukataa waranti, nimtendee haki. Alisema tu, "Irudishe tuipime." Kuirudisha ni basi, ni mtu wa kwenda kuichukua, ni kusubiri, ni kupiga simu zisizopokelewa, ni basi tena. Mara ya pili kuirudisha sikuwa na nguvu. Ipo kwenye droo.

Toka siku hiyo napima waranti kwa kilomita. Karatasi inaweza kuandika mwaka mmoja, miaka mitatu, maisha. Mimi nauliza: kikifa, natembea mpaka wapi? Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Kutoka kwangu mpaka Makoroboi ni nauli ya daladala moja, na nikifika namkuta mtu amekaa kwenye stuli, hawezi kuniwekea simu bize.

RAM niliinunua hapa. Elfu thelathini zaidi.

## Kesi gani?

Nilimwambia Mama nimenunua kesi, akaacha kuchambua dagaa. "Umeshtakiwa na nani?"

Nikamwonyesha picha. Kasha jeusi, mbele lina wavu mtupu, ubavuni bati. Hakuona kitu cha kushtakiwa wala cha kujivunia.

Kesi niliyokuwa nikiiota ilikuwa nyingine: vioo pande mbili, feni sita zenye taa za upinde wa mvua. Niliifuata mpaka dukani nikaipapasa. Halafu nikakumbuka wadudu.

Mnaokaa karibu na maji hamna haja ya kuelezwa. Kwa wa Dodoma: kuna siku asubuhi ziwani panasimama nguzo za moshi, moja, mbili, tano, na hakuna moto. Ni wadudu wadogo wa ziwani wameinuka kwa mamilioni. Upepo ukigeukia nchi kavu, jioni wanafuata taa. Ukisahau dirisha, asubuhi unafagia wadudu kwa koleo la takataka. Huku watu wanavua dagaa usiku kwa mtindo huo huo, taa juu ya maji usiku wa giza, na kila chenye macho kinaifuata.

Na mimi nilitaka kuweka taa sita ndani ya sanduku lenye feni zinazovuta hewa kwa ndani.

Kwa hiyo bati, na wavu wenye matundu madogo unaochomoka ukaoshwa. Feni hazina taa. Hata ile kadi ina kitaa kimoja cha nembo, nimekibandika utepe mweusi. Binamu yangu anasema mashine yangu inafanana na stoo ya mkaa. Yeye anakaa Buswelu, mbali na maji.

## Kioo cheusi

Tuliiunga Jumamosi, sebuleni, mezani, mimi na fundi. Prosesa za AM4 zina pini zenyewe, 1,331, nyembamba kama ndevu za kambare mchanga, na unaishusha kwenye soketi bila kuisukuma. Inaingia kwa uzito wake au haiingii. Sikupumua mpaka kile kijiti cha kuibana kilipolala.

Tukabonyeza. Feni zikazunguka zote. Skrini ikabaki nyeusi.

Tukakagua waya wa picha kama upo kwenye kadi na siyo kwenye mazabodi. Upo kwenye kadi. Tukachomoa RAM moja, tukarudisha, tukabadili nafasi. Nyeusi. Mama akapita akasema imewaka, si inazunguka hiyo? Kichwani mwangu laki nne na nusu za kadi zilikuwa zinatembea na miguu kwenda kwa mwenyewe.

Fundi akakaa chini. Akauliza, "Mazabodi hii ni ya mwaka gani?"

B450. Mazabodi za kundi hilo zilitoka 2018. Prosesa imetoka 2022. Ile BIOS ya ndani, programu inayoiamsha mashine, ilikuwa haijawahi kusikia habari za huyu mgeni. Ilikuwa inamtazama tu mlangoni. Tiba yake ni kuweka BIOS mpya, lakini ili uiweke mashine lazima iwake, na ili iwake lazima iwe na prosesa inayoijua. Fundi akapanda bodaboda, akarudi baada ya saa nzima na Ryzen 5 2600 aliyoiazima, kaifunga kwenye kiboksi cha pipi na sponji. Hapo ndipo nilipozilipa zile elfu thelathini na moyo mweupe.

Ikawaka. Tukaweka flashi, tukachagua faili. Skrini ikatoa onyo kwa herufi nyekundu: usizime umeme mpaka kazi iishe. Umeme ukikatika katikati, BIOS inabaki nusu, na mazabodi inageuka tofali.

Saa ilikuwa moja kasoro jioni.

Nilimwangalia fundi. Fundi aliiangalia taa.

"UPS imejaa?"

"Imejaa toka asubuhi."

Akabonyeza. Asilimia kumi. Thelathini. Hakuna aliyekuwa anaongea. Hamsini na kitu, taa ya sebuleni ikainama, safari hii haikujiinua. Friji ikanyamaza. Mtaa mzima ukasema "aaah" kwa sauti moja kama uwanjani. Ndani ya giza UPS ikagonga, *tak*, ikaanza kulia, na ule mstari wa asilimia ukaendelea kutembea, sitini na mbili, sitini na tatu, mwanga wake usoni kwa fundi, ambaye nilimsikia anasema kwa kunong'ona kitu cha Kisukuma ambacho nadhani kilikuwa sala.

Ilipofika mia alizima mashine mwenyewe, taratibu, kama anaitandika.

Tukabadilisha prosesa kwa tochi.

## Uniti 75

Umeme ulirudi saa tatu. Usiku ule niliendesha lori kutoka mji mmoja wa Ujerumani hadi mwingine, mvua inanyesha, wiper zinafanya kazi, na milima iliota kwa wakati wake.

Halafu likaja la Mama, ambaye ndiye waziri wa LUKU.

Sisi tupo kwenye lile kundi la watumiaji wadogo, uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi mia kila moja kabla ya kodi na makato. Ukivuka 75, inayofuata ni mia tatu na hamsini. Nyumba yetu inatumia kama sitini. Nilinunua kipima umeme cha kuchomeka ukutani, nikapima mashine na skrini nikiwa njiani na lori: wati 290. Masaa matatu kila usiku, mwezi mzima, ni uniti 26. Sitini na ishirini na sita, themanini na sita. Tumevuka.

Nilimpelekea hesabu mwenyewe kabla hajaigundua. Aliisikiliza akichambua dagaa, bila kuinua kichwa. "Sitini ni za nyumba," akasema. "Zinazobaki ndizo zako."

Kumi na tano.

Nilidhani ndio mwisho wa starehe. Nikaingia kwenye mipangilio ya kadi nikafunga fremu, yaani picha, zisizidi 60 kwa sekunde. Skrini yangu yenyewe ni ya hezi 60, nilikuwa natengeneza picha ambazo hakuna anayeziona. Kipima kikashuka mpaka 170. Masaa matatu kwa siku, nusu uniti. Kumi na tano kwa mwezi, na gari halijapungua mwendo hata kidogo.

Boksi la uvunguni nilikuja kulitoa wiki iliyopita nikifagia. Mama akalikuta mlangoni, akauliza kama lina kazi. Nikasema halina, ni bovu toka kuzaliwa. Akalichukua, maana paka wa jirani amejifunza kufunua beseni la dagaa, na kitu cha chuma juu ya kifuniko kingemkomesha.

Asubuhi kifuniko kilikuwa sakafuni, pawa saplai imelala ubavu karibu na mlango wa uani, na dagaa zimepungua.

Mama akaliokota, akalipima kwa mkono mmoja.

"Na hiki nacho ulikinunua kwa hela?"